Dondoo muhimu: Mwanao akijiandaa kwa uokoaji wa majini jeshini

Mzazi wa Mtwara, Mikindani au Msimbati, kama mwanao anaelekea Jeshi la Wanamaji, zingatia haya:

• Mazoezi: Aogelee Ghuba ya Mikindani bahari ikiwa shwari, na asiwe peke yake. Mlangoni mwa Mto Ruvuma si mahali pa kujifunzia: pana mkondo mkali, viboko na mamba.

• Pumzi: Asishindane kukaa chini ya maji, wala asihemeheme haraka kabla ya kuzama. Mtu huweza kuzimia ghafla akafa maji.

• Mawasiliano: Asipopiga simu kutoka kambini, usihangaike. Akipiga, msikilize kwanza.

• Maumivu: Mhimize aseme mapema sikio, kifua au bega likiuma. Kuficha si ushujaa.

• Fedha: Usimpe mtu hela za "kumpitisha". Nafasi za jeshi haziuzwi.

• Asipofaulu: Mpokee kwa heshima. Mvuvi Majaliwa Jackson alisaidia kuokoa abiria wa ndege iliyoanguka Ziwa Victoria, Bukoba, mwaka 2022. Rais Samia akaagiza ajiunge na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Njia za kuokoa maisha ni nyingi; msaidie mwanao aione yake.