Somo la Kikundi: Je, Televisheni Imetusomea Biblia Sawasawa?



Somo hili ni la mkutano mmoja wa saa moja na nusu hivi. Mtahitaji Biblia mbili au tatu, karatasi kubwa na kalamu. Kama hakuna karatasi, ubao wa shule unatosha. Si lazima muwe na televisheni, maana wengi wetu tumekwisha kuiona michezo ya maisha ya Yesu, kwa jirani, parokiani au kwenye simu.

TUONE: Jambo lililotokea

Pasaka moja, kikundi cha akina mama ninachokitembelea kilikusanyika nyumbani kwa mweka hazina wao kutazama Jesus of Nazareth. Huu ni mchezo uliotengenezwa na Mwitaliano Franco Zeffirelli, ukaonyeshwa kwenye televisheni mara ya kwanza mwaka 1977. Ni mrefu, zaidi ya saa sita, kwa hiyo waliutazama kwa siku mbili. Ndani yake Maria Magdalena anaonyeshwa kuwa kahaba, tena anaonekana nyumbani kwake na mteja.

Mkutano uliofuata ulikuwa wa kugawa mikopo. Zamu ilikuwa ya mjane mmoja kijana. Huyu huuza samaki wa kukaanga penye stendi ya magari, na kwa sababu ya kazi hiyo hurudi nyumbani usiku. Kabla hajahesabiwa pesa, mwanachama mmoja akasema, "Huyu Magdalena wetu, tukimpa pesa atazipeleka wapi?" Watu wakacheka. Mjane akachukua kitabu chake cha akiba, akaondoka. Mkutano wa baadaye hakuja, na wa tatu pia hakuja.

Nikaitwa kusuluhisha. Nilikwenda na Biblia yangu nikiwa na hotuba tayari: kwamba hata kama Magdalena alikuwa kahaba, Yesu alimsamehe. Bibi mmoja mzee akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, ukahaba wake umeandikwa sura gani, tusome?" Nikafungua Luka, nikafungua Yohane, nikarudi Luka. Sikupaona. Na mimi nimewafundisha wasichana hivyo hivyo kwenye semina kwa miaka mingi! Niliona haya, nikawaomba wanipe wiki moja nikasome.

TUSOME: Biblia inasema nini hasa?

Hebu wanachama wanne wasome kwa sauti, mmoja baada ya mwingine.

Luka 7:36-50. Mwanamke mwenye dhambi anaipaka miguu ya Yesu mafuta nyumbani kwa Simoni Mfarisayo. Jina lake halikutajwa. Dhambi yake pia haikutajwa ni ipi.

Luka 8:1-3. Hapa ndipo Luka anamtaja Maria Magdalena kwa mara ya kwanza. Alitolewa pepo saba. Yuko pamoja na Yoana, mke wa Kuza msimamizi wa Herode, na Susana, na wanawake wengine wengi. Sikilizeni vizuri wanachofanya: wanamhudumia Yesu na wafuasi wake kwa mali yao wenyewe.

Yohane 8:1-11. Mwanamke aliyefumaniwa. Huyu naye hana jina.

Yohane 20:11-18. Maria Magdalena ndiye anayemwona Bwana mfufuka, naye anatumwa kuwapelekea wanafunzi habari.

Basi, hakuna mahali hata pamoja palipoandikwa kwamba Magdalena alikuwa kahaba. Kuwa na pepo katika Injili ni taabu ya mtu anayehitaji kuponywa. Si sawa na kusema mtu huyo aliuza mwili wake.

Tena tusiilaumu televisheni peke yake. Mwaka 591, Papa Gregori Mkuu alipokuwa akihubiri Roma aliwaunganisha wanawake watatu kuwa mmoja: yule mwenye dhambi wa Luka 7, Maria wa Bethania, na Magdalena. Makanisa ya Mashariki hayakufuata hivyo, lakini kwetu upande wa Roma mawazo hayo yalikaa, wachoraji wakayachora na wahubiri wakayarudia. Kanisa lenyewe limesahihisha. Kalenda ya liturujia ilipotengenezwa upya mwaka 1969, Injili ya tarehe 22 Julai, siku ya Magdalena, haikuwa tena ile ya mwenye dhambi wa Luka 7, bali ya Yohane 20. Mwaka 2016 Papa Fransisko akaipandisha siku hiyo kuwa sikukuu, sawa na siku za mitume.

TUPIME: Njia tatu za kugeuza habari

Mchezo wa televisheni hauwezi kusoma Biblia neno kwa neno na watu wakatazama. Injili ni fupi. Haisemi mtu alivaa nini, alicheka vipi, au walizungumza nini njiani. Mtengenezaji lazima ajaze. Lakini tujue anajaza namna gani.

Ya kwanza ni KUONGEZA. Katika mchezo ule wa 1977 yuko mtu anayeitwa Zerah, mwandishi wa Baraza la Wayahudi, anayemdanganya Yuda. Mtafuteni katika Injili zote nne, hamtampata. Hata mamajusi watatu, Mathayo hakusema walikuwa wangapi. Alitaja zawadi tatu tu.

Ya pili ni KUUNGANISHA. Watu wawili wanafanywa mmoja ili habari iende haraka. Mchezo ule ulimweka mwanamke aliyefumaniwa peke yake, na hapo ulifanya vizuri. Lakini yule wa nyumbani kwa Simoni ukamfanya Magdalena.

Ya tatu ni KUACHA, na hii ndiyo ngumu kugundua, maana kisichoonekana hakiulizwi. Chukueni habari ya Yuda. Mchezo unamwonyesha kama msomi aliyedanganywa na Zerah, aliyedhani Yesu atapewa nafasi ya kujieleza mbele ya Baraza. Sasa someni Yohane 12:6. Yuda ndiye aliyeshika mfuko wa pesa, na alikuwa akiiba humo. Kumbe alikuwa mweka hazina! Kwa kikundi kama chenu, hilo si jambo dogo. Ukitazama picha bila kusoma, somo la kukagua vitabu vya hesabu limekupita.

Wako pia watengenezaji wanaosema wazi walichofanya. The Chosen, mchezo wa Kimarekani unaoongozwa na Dallas Jenkins, ulioanza mwaka 2019, ulitangaza mwanzoni kabisa kwamba baadhi ya watu na mazungumzo yameongezwa, na ukawahimiza watazamaji wasome Injili wenyewe. Humo Magdalena anaanza na jina lingine, Lilith, na Nikodemo anajaribu kumtoa pepo anashindwa. Baadaye, akiwa amekwisha kumfuata Yesu, anarudia ulevi na kamari. Yote hayo ni ya kuongezwa. Lakini Yesu anapomwita kwa jina lake mwenyewe, mtazamaji anaelewa moyoni maana ya kuponywa. Nyongeza hiyo inamsaidia mtu kuielewa Injili, mradi ajue kwamba ni nyongeza.

Kwa hiyo tusipime kwa kuuliza tu, "Je, kila neno limeandikwa?" Tuulize mambo mawili zaidi: Nyongeza hii inatupeleka karibu na maana ya Injili au mbali nayo? Na je, kuna mtu anayeumizwa nayo?

TUAMUE

Yule mjane alihukumiwa kwa njia zile zile tatu. Watu waliona anarudi usiku, wakaongeza sababu. Wakamuunganisha na mwanamke wa kwenye televisheni, ambaye naye alikuwa ameunganishwa na mwingine. Wakaacha lililoandikwa kwenye kitabu chao wenyewe: kwamba huyu mama hajakosa kulipa mchango hata mara moja.

Magdalena wa Luka 8 alikuwa mchangaji. Alitoa mali yake, pamoja na wanawake wenzake, ili kazi iendelee. Ukimwita mwanachama wa kikundi "Magdalena" kwa kufuata Biblia, umemsifu!

Kile kikundi kilisoma somo hili. Mwenyekiti na wanachama wawili, mmoja wao akiwa yule aliyetamka neno lile, wakaenda nyumbani kwa mjane kuomba msamaha na kumpelekea mkopo wake. Alipokea pesa, akawapikia chai. Mikutanoni hajarudi bado. Jina baya hutoka mdomoni mara moja, lakini kulifuta ni kazi ya siku nyingi. Na mimi pia niliwaandikia barua wasichana wa semina ya mwisho, nikisahihisha nilichowafundisha.

TUTENDE: Namna ya kutazama mchezo wa Biblia katika kikundi

1. Chagueni sehemu fupi, ya nusu saa hivi.
2. Someni kwanza habari hiyo katika Biblia. Msianze na picha, kwa sababu picha hukaa kichwani kuliko maneno.
3. Tazameni kwa utulivu.
4. Gaweni karatasi sehemu tatu: IMEANDIKWA, IMEONGEZWA, IMEACHWA. Kila mmoja ataje alichoona, na katibu aandike. Asiyejua kusoma ataje tu. Mara nyingi huyo ndiye mwenye macho makali.
5. Mkibishana, msipige kura. Fungueni Biblia.

Maswali ya kujadili

1. Kuna jambo gani ulilodhani limeandikwa katika Biblia, kumbe uliliona kwenye picha au ulisikia kwa watu?
2. Katika kikundi chetu, yuko mtu aliyepewa jina au sifa ambayo hakuna aliyeishuhudia?
3. Anayepewa mkopo kwetu anapimwa kwa kitabu cha michango au kwa maneno ya sokoni?
4. Kuna mtu tunayepaswa kumwendea nyumbani? Nani ataenda, na lini? Andikeni majina na tarehe kabla ya sala ya kufunga.

Mkimaliza, msisahau kumpa katibu nafasi ya kusoma maazimio kwa sauti. Toleo lijalo tutasoma pamoja juu ya kuweka vitabu vya hesabu, na Yuda tutakuwa naye tena.

Mungu aibariki kazi ya mikono yenu.