Soda ya Moshi ni ya nani?

Juzi dukani hapa Ruhuwiko tulibishana: Coca-Cola inayotengenezwa nchini ni ya Marekani au ni yetu? Tuangalie Bonite Bottlers ya Moshi, kampuni ya marehemu Reginald Mengi, mhasibu aliyeanza biashara kwa kuunganisha kalamu nyumbani. Jina la soda na siri ya ladha ni vya Wamarekani. Kiwanda kinanunua kiini kwao, kinaongeza maji, sukari na gesi, kinajaza chupa na kuuza kaskazini. Leseni ikifutwa, mashine zinabaki lakini Coca-Cola haipo tena. Ndiyo maana mimi navutiwa zaidi na maji ya Kilimanjaro, wanayotengeneza hukohuko Moshi: hayo jina ni lao wenyewe.