Modemu ya Nyumbani: Waya, Taa, na PIN Ambayo Haikuulizwa

Juzi mteja alitupigia simu akiwa na hasira. Laini yake imefungwa, hawezi kutuma wala kupokea pesa, na anaapa hajaigusa simu tangu asubuhi. Tulipomuuliza polepole, ikajulikana kwamba laini haikuwa kwenye simu kabisa. Ilikuwa ndani ya modemu mpya pale sebuleni. Fundi aliiomba "tujaribu mtandao tu", ukurasa wa modemu ukauliza PIN, naye mteja akaandika ile anayotumia kutoa pesa. Aliiandika mara tatu.

Tutarudi kwake. Kwanza tuiweke modemu yenyewe, maana ukijua inavyofanya kazi hutahitaji kumpa mtu laini yako.

Modemu hupokea mawimbi kutoka nje na kuyageuza yawe data ambayo simu na kompyuta zinaelewa. Rauta ndiyo inayogawa data hiyo kwa kila mtu ndani ya nyumba. Siku hizi kazi hizo mbili hufanywa na kisanduku kimoja, ndiyo sababu wengi wetu tunakiita "Wi-Fi" na kumaliza. Tofauti kubwa ni njia ambayo intaneti inaingilia: waya wa simu ya mezani, faiba, au laini ya simu iliyochomekwa ndani.

Nyumba yenye waya wa simu ya mezani

Hizi si nyingi tena, lakini zipo, hasa kwenye majengo ya zamani. Sauti na intaneti hupita kwenye waya mmoja wa shaba, kila moja kwa masafa yake. Kwa hivyo kila simu ya mezani iliyo kwenye laini hiyo inahitaji kichujio kidogo, ambacho mafundi hukiita filta. Bila filta utasikia mlio wa kukwaruza ukiongea, na intaneti itakatika kila simu ikilia. Modemu yenyewe haipiti upande wa simu wa filta. Filta yenye matundu mawili huandikwa moja DSL na jingine simu, na modemu inaingia kwenye lile la DSL.

Tundu la waya wa simu nyuma ya modemu ni jembamba. Yale mapana, mara nyingi manne yaliyopangwa pamoja, ni ya kompyuta. Ukiona plagi inalegea, umekosea tundu. Tumia waya mfupi. Kuvuta waya wa simu mita ishirini hadi chumba cha kulala kwa sababu ndiko kuna meza ni kujipunguzia kasi bure, ilhali Wi-Fi ingefika huko yenyewe. Pia ujue kwamba kasi hupungua kadiri nyumba ilivyo mbali na kituo cha simu, na hakuna modemu ya bei ghali itakayoliondoa hilo.

Sasa washa stima na usubiri dakika mbili au tatu kabla ya kugusa chochote. Taa ya DSL itapepesa, maana yake modemu inatafuta kituo. Ikitulia, waya uko sawa. Ikiendelea kupepesa, shida iko kwenye waya, filta au laini yenyewe, na kubadilisha paswodi hakutasaidia. Kwa wenye faiba, taa ya kuangalia ni ile iliyoandikwa LOS. Ikiwa nyekundu, mwanga haufiki: waya umekatika, umechomoka au umekunjwa sana nyuma ya kabati.

Taa ya DSL ikiwa imetulia lakini ya Internet imezima au ni nyekundu, waya hauna lawama. Ama jina na paswodi ya akaunti havijaingizwa sawa, ama kifurushi kimekwisha. Kwa kweli tungependa kila mtu ajue jambo hili moja, kwa sababu kuna watu wanalipa fundi kuja kuangalia modemu ambayo inadai malipo ya mwezi tu.

Jina na paswodi hiyo unapewa na kampuni ya intaneti. Unaviingiza kwenye ukurasa wa modemu: unganisha simu au kompyuta na modemu, fungua kivinjari, kisha andika anwani iliyobandikwa chini ya kisanduku, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Modemu za waya wa simu huenda zikauliza pia namba mbili, VPI na VCI. Usizibahatishe, uliza kampuni yako. Na usibonyeze kile kitufe kilichofichwa ndani ya tundu dogo la Reset ukidhani unaiwasha upya. Ukikishikilia sekunde kumi hivi, kinafuta kila kitu, pamoja na jina na paswodi ulizopewa.

Paswodi ni mbili

Kuna paswodi ya Wi-Fi, ile unayowapa wageni. Na kuna paswodi ya ukurasa wa modemu. Watu wengi hubadilisha ya kwanza na kuiacha ya pili kama ilivyotoka dukani, na kwa modemu nyingi hiyo ni neno "admin" mara mbili. Basi jirani uliyempa Wi-Fi anaweza kuingia na kubadilisha anachotaka, hata kuielekeza modemu ili ukitafuta tovuti fulani upelekwe kwenye ya kuigiza. Badilisha zote mbili siku ya kwanza, kabla fundi hajaondoka, na uandike mwenyewe bila yeye kuangalia. Kwenye usalama wa Wi-Fi chagua WPA2 au WPA3, usiache wazi.

Modemu inayotumia laini ya simu

Hapa ndipo mteja wetu alipoingia shimoni. Modemu ya aina hii inahitaji laini yake, ya data peke yake. Ukichomeka laini yako ya pesa, meseji zako zote zinaingia kwenye modemu, zikiwemo za uthibitisho wa malipo na zile namba za siri za mara moja kutoka benki. Modemu nyingi zina sanduku la meseji kwenye ukurasa wao. Yeyote mwenye ile "admin" mara mbili anazisoma akiwa amekaa kwenye kochi lake.

Halafu PIN. Ukurasa wa modemu ukiuliza PIN, unataka PIN ya kufungua laini, ambayo haihusiani kabisa na PIN yako ya pesa. Ukikosea mara tatu laini inajifunga na kudai namba ya PUK, ambayo huwa imechapishwa kwenye kile kikadi laini ilichonunuliwa nacho. Ukikosea PUK mara kumi, laini hiyo imekufa, itabidi ubadilishiwe. Mteja wetu alikuwa na bahati: kikadi kilikuwa kwenye droo. Lakini PIN yake ya pesa alikuwa ameiandika mbele ya mtu asiyemjua, kwa hivyo tulimwambia aibadilishe papo hapo, kabla ya kushukuru.

Hakuna modemu, fundi wala kampuni ya intaneti inayohitaji PIN yako ya pesa. Hata sisi hatuiulizi.

Kulipa

Lipa kwa paybill ya kampuni, na namba ya akaunti iliyo kwenye mkataba wako. Kabla ya kuthibitisha malipo, soma jina linalojitokeza kwenye skrini. Likiwa jina la mtu badala ya kampuni, simama hapo. Fundi akisema "nitumie kwa namba yangu nitakulipia ofisini", mwambie utalipa mwenyewe akiwa bado amekaa, itachukua dakika moja. Pesa iliyotumwa kwa namba ya mtu haionekani kwenye akaunti yako ya intaneti, na ukienda kulalamika ofisini huna la kuonyesha.

Tena, kosa moja kwenye namba ya akaunti linatosha kumlipia jirani. Ihifadhi kwenye simu kama jina la mtu, "Intaneti Nyumbani", ili usiitafute kwenye karatasi gizani. Ikikosewa, tupigie mara moja ukiwa na ile meseji ya muamala.

Na wengi hutuuliza: intaneti ikikatwa, nitalipaje? App ndiyo inayohitaji intaneti. Menyu ya laini na zile namba za nyota na reli hupita kwenye mtandao wa simu wa kawaida, hazitumii Wi-Fi wala bando. Lipa kwa hizo, ngoja dakika chache, kisha uizime modemu na kuiwasha tena, uangalie ile taa ya Internet.