Mashine ya kupumulia isimfanyie mgonjwa kazi yote

MGONJWA akilazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, kama kile cha Hospitali ya Tenwek huko Bomet, jamaa zake huitazama mashine ya kupumulia kwa hofu. Siku zinapopita huuliza: "Daktari, nimonia imepungua, mbona bado hawezi kutolewa kwenye mashine?" Wiki hii tutalijibu swali hilo.

Kwanza, msomaji, fahamu namna unavyopumua. Chini ya mapafu pana msuli mpana na mwembamba uitwao kiwambo, unaotenganisha kifua na tumbo. Ukijikaza hushuka, kifua kikapanuka na hewa ikaingia. Ukilegea, hewa hutoka. Hufanya kazi hiyo usiku na mchana.

Mashine nayo husukuma hewa mapafuni kupitia mrija. Ikifanya kazi yote, na mgonjwa amepewa dawa nzito za usingizi, kiwambo hukaa bure.

Mfikirie mchuma chai wa Kericho aliyevunjika mkono. Plasta ikitolewa baada ya wiki kadhaa, mkono huwa umekonda, na kikapu cha majani humlemea. Kiwambo hukonda upesi zaidi. Mwaka 2008 watafiti nchini Marekani walieleza walivyochunguza viwambo vya watu 14 ambao ubongo wao ulikuwa umekufa, na mashine ikawapumulia kwa saa 18 hadi 69 pekee. Nyuzi za misuli hiyo zilikuwa ndogo kwa zaidi ya nusu zikilinganishwa na za watu waliokuwa kwenye mashine kwa saa chache wakifanyiwa upasuaji.

Je, basi msaada wa mashine upunguzwe haraka? La. Ukiwa mdogo mno, kiwambo huvuta kwa nguvu kupita kiasi na kuumia. Tena, wapo wagonjwa ambao mwanzoni ni lazima mashine iwafanyie yote. Aliyepatwa na sumu ya baadhi ya dawa za kuua wadudu wa mimea, kwa mfano, misuli yake ya kupumua huweza kupooza.

Kwa hiyo daktari hupanga mambo haya: pumzi ngapi kwa dakika, kila pumzi iwe na hewa kiasi gani, na kama mashine itaanzisha pumzi yenyewe au itamngoja mgonjwa. Hali ikitengemaa, mashine humngoja aanze kuvuta, kisha ikamsaidia kumalizia. Dawa za usingizi hupunguzwa. Kisha hujaribiwa kupumua kwa nguvu zake, kwa nusu saa hadi saa mbili, akiangaliwa kwa makini. Akishindwa leo, hurudishiwa msaada apumzike, na kesho hujaribiwa tena.

Wewe uliye jamaa una nafasi yako. Usiiguse mashine, bali uliza kwa upole: Je, anaanzisha pumzi mwenyewe? Dawa ya usingizi imepunguzwa? Atajaribiwa lini? Akiamka, zungumza naye. Muuguzi akimkalisha au akimnyoosha viungo, usimzuie. Mwili mzima unahitaji mazoezi.

Na usidai mashine iondolewe kwa kuwa umesoma hapa kwamba hudhoofisha misuli. Bila mashine hiyo, mgonjwa wako huenda hangefika siku ya kujaribiwa.