Elsa Alirudije Kwao?

Leo tujifunze kwa filamu ya zamani, Born Free (1966), iliyopigwa Kenya. Joy na George Adamson walimlea simba yatima, Elsa. Ndugu zake wawili walipelekwa bustani ya wanyama Rotterdam. Yeye wakaamua arudi kwao, porini. Kumbe kumwachia tu hakutoshi! Mara ya kwanza aliugua. Wakamhamishia Meru, wakamfundisha kuwinda. Waisraeli nao walitoka Misri usiku mmoja, wakajifunza uhuru jangwani miaka 40. Sasa kijana anayeshuka Kariakoo na begi moja, nani anamfundisha kuwinda? (Riziki, jamani, siyo watu.) Jumuiya zetu hapa Msimbazi zinamjua? Elsa baadaye alikuja kambini na watoto watatu, kisha wakarudi zao porini.