Dondoo muhimu: Alama ya kutoa mbele ya mabano

Mzazi unayemsaidia mtoto hesabu za aljebra jioni, anzia kwenye mabano. Hapo ndipo alama nyingi hupotea.

Chukua 5x − (2x − 3). Wengi huandika 3x − 3. Alama ya kutoa iliyo nje inagusa kila kilichomo ndani, si cha kwanza peke yake: 5x − 2x + 3, yaani 3x + 3.

Kwa nini kutoa kugeuke kujumlisha? Mpe mfano wa ndizi. Umeuza mikungu mitano soko la Mbuyuni, kila mmoja shilingi x. Gharama zilikuwa 2x, ukapunguziwa 3,000. Faida ni 5x − (2x − 3,000). Gharama ikipungua, faida inapanda: 3x + 3,000. Mtoto akiliona hili kwenye fedha, hahitaji kukariri.

MAGAZIJUTO, yaani mpangilio wa Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa, nayo ina mtego. Kwenye 7a − 2a + 3a, anayekimbilia kujumlisha kwanza hupata 7a − 5a = 2a. Jibu ni 8a. Kujumlisha na kutoa vina hadhi sawa. Nenda kutoka kushoto kwenda kulia, kila alama ikifuatana na namba iliyo mbele yake. Mwambie azungushie pamoja: 7a, −2a, +3a.

Kuhakiki ni rahisi. Weka x = 2 kwenye swali la kwanza: 10 − (4 − 3) = 9. Jibu 3x + 3 linatoa 9. 3x − 3 linatoa 3.