Kupunguza Ulevi na Kuuacha

 

Tumeletewa suala na ndugu mmoja, mtu wa kwetu pwani, mwendeshaji lori. Safari zake humfikisha Kariandusi, karibu na Gilgil na ziwa la Elmenteita, pahali panapojulikana kwa mashoka ya mawe ya watu wa kale aliyoyachimbua Dakta Louis Leakey, na kwa machimbo ya udongo mweupe aubebao yeye. Asema alikuwa akinywa kila usiku. Sasa amepunguza, chang'aa haigusi tena, hanywi ila bia. Je, hiyo ni toba? Tena asema kwamba siku aliyojaribu kuacha kabisa mikono ilimtetemeka, jasho likamtoka, akaogopa, akarejea.

Kwanza hilo la bia. Watu wengi, hata humu mijini mwetu, hudhani kwamba ubaya wote uko katika kinywaji cha vichochoroni, na kwamba kilichotoka kiwandani ni salama. Ni kweli kwamba kinywaji kilichotiwa methanoli hupofusha na huua: mwaka 2000 watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi, na Mei 2014 wakafa wengine kwa makumi katika kaunti mbalimbali za Kenya. Lakini udongo ule aubebao ndugu yetu ni wa jinsi itumiwayo duniani kuchujia bia ikang'aa. Huondoa utando, hauondoi ulevi. Shirika la Afya Duniani lilitangaza Januari 2023 kwamba hakuna kiasi cha kileo kilicho salama kwa afya, na tangu 1988 wataalamu wake wamekihesabu miongoni mwa viletavyo saratani. Nasi tulikwisha kufundishwa na Mtume (S.A.W.), katika hadithi walizozipokea Abu Daud na Tirmidhi, kwamba kilevyacho kikiwa kingi, hata kichache chake ni haramu.

Wala asitegemee sheria ya serikali. Sheria ya vileo ya mwaka 2010, ambayo watu waliiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge wa Naivasha aliyeipeleka Bungeni, haikukataza kinywaji. Iliweka saa tu, mabaa yauze siku za kazi kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku. Saa sita zamtosha mtu kulewa.

Wako wasemao: mbona Kurani yenyewe ilikataza kidogo kidogo? Ndivyo. Katika Sura ya Al-Baqara yalitajwa madhara yake kuwa makubwa kuliko manufaa. Katika An-Nisaa watu wakakatazwa kuikaribia sala nao wamelewa. Kisha katika Al-Maida likaja katazo lisilo na mlango. Lakini hatua hizo zimekwisha kupitwa, na hakuna awezaye leo kujirudisha katika hatua ya kwanza akajiita mfuasi. Anas bin Malik alikuwa akiwanywesha watu nyumbani kwa Abu Talha aliposikiwa mpiga mbiu. Ikamwagwa saa ile ile, ikapita njiani Madina. Basi jibu letu ni kwamba kupunguza si toba. Ni kheri kuliko kuzidisha, lakini toba ni kuacha, kujuta, na kuazimia kutorejea.

Ama kutetemeka, hofu yake ina asili. Mwili uliozoea kileo kwa miaka, ukinyimwa ghafula, huweza katika siku mbili tatu kupata degedege na kuweweseka, na wako waliokufa kwa hayo. Basi asijifungie peke yake katika chumba cha kupanga, wala asishike usukani. Hatumwambii aendelee, twamwambia aende leo hospitali kuu ya Nakuru, au akiwa huku kwetu kituo cha Miritini, Mombasa, amweleze daktari kwa kweli kiasi alichokuwa akinywa. Ziko dawa za kutuliza mwili siku hizo chache, na vitamini apewazo mgonjwa. Mwenye kuona haya kwenda huko na akumbuke kwamba hakuona haya kwenda baa.

Jambo jingine limetuhuzunisha. Asema ameacha kusali, kwa kuwa aliambiwa sala ya mnywaji haikubaliwi siku arubaini. Hadithi iko, lakini aliyemfahamisha hivyo amemdhulumu. Wanazuoni wameeleza kwamba anyimwacho ni thawabu. Faradhi iko pale pale, na akiiacha ameongeza dhambi juu ya dhambi. Akilevuka naasali, na akitubu Mwenyezi Mungu humpokea.

Nao jamaa zake waliomfungia mlango na wasome yaliyomo katika Bukhari: mlevi mmoja alipoadhibiwa, mtu akamlaani, na Mtume (S.A.W.) akakataza asilaaniwe, akamshuhudia kuwa ni mwenye kumpenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Wamfungulie, lakini fedha wasimpe mkononi. Wamlipie nauli na matibabu wao wenyewe.

Suala lake la pili, la ijara ya mtu abebaye udongo ambao huenda ukachujia bia, lina uchambuzi wake. Tutalijibu katika toleo lijalo, inshaallah.